Ukitaka kujua hatari ya helikopta, itazame ikiwa imesimama

Kijana wa ndugu yangu amenitumia video kwenye WhatsApp. Ndege ya kivita, F-35B, imesimama tuli hewani juu ya sitaha ya manowari, chini yake maji yanaruka povu, na mtu kapachika muziki wa kutisha. Akauliza swali moja tu: "Ami, hapo ilipo injini ikizima, yule bwana afanyani?"

Swali zuri kuliko muziki wake. Nilianza kumjibu kwa kurekodi sauti, akalalamika kuwa nammalizia bando. Basi naandika hapa, na wenzangu wa barazani Magongo nao wasome, maana hubishana mambo ya ndege kila baada ya magharibi, hoja yao kubwa ikiwa ni kwamba ndege hutupitia kichwani zikienda kutua.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi. Nimeshika spana za helikopta tangu ujana, kwanza jeshini, kisha kwa watu binafsi, na miaka ya mwisho hapa hapa Mombasa. Urubani si kazi yangu. Lakini helikopta ikitoka kwenye matengenezo makubwa hairudi kubeba abiria moja kwa moja. Hurushwa kwanza ijaribiwe, na mara nyingi fundi aliyeifungua ndiye anayekaa kiti cha pili, daftari gotini, akiandika namba. Mimi naona ni haki tupu. Kama nati hukuikaza, mtashuka pamoja.

Hayo majaribio yetu ni madogo. Makubwa ni yale ya ndege mpya, ambayo hakuna aliyeirusha kabla, na hasa ndege za kijeshi zinazopaa wima, kwa sababu jeshi huziomba zifanye mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hangeyaomba: kutua usiku kwenye vumbi, kushuka wima zikipigwa risasi, kukaa kwenye tezi ya meli inayoyumba. Na jambo ambalo wenzangu barazani hawalikubali ni hili: hatari ya vyombo hivi haikai sana kwenye mbio wala kwenye urefu. Hukaa chini, karibu na ardhi, chombo kikiwa kimesimama hewani au kinakwenda polepole, pale pale ambapo watu hutoa simu kupiga picha.

Ushahidi wa kwanza ni Mfaransa Jean Boulet. Tarehe 21 Juni 1972, pale Istres, alipanda na helikopta aina ya Lama mpaka mita 12,442. Huko juu hakuna hewa ya kutosha, baridi ni kali, na alipopunguza nguvu aanze kushuka, injini ikazima na haikukubali kuwaka tena. Alishuka kilomita zote kumi na mbili bila injini, akatua salama. Sasa mchukue Boulet yule yule, helikopta ile ile, umsimamishe mita thelathini juu ya uwanja wa Makadara, kisha uzime injini. Hapo naogopa kuandika kinachofuata.

Sababu yake si ya ajabu. Injini ikizima, rubani hushusha haraka ule wenzo wa mkono wa kushoto, koletivu, na mapanga ya rota, yale yanayozunguka juu ya helikopta, yakalala bapa. Helikopta inaanza kushuka, na upepo unaotoka chini ndio unaoyazungusha mapanga badala ya injini. Mapanga yanayozunguka yana akiba ya nguvu ndani yake. Karibu na ardhi rubani anainua pua kuua mwendo, kisha anavuta koletivu juu na kuitumia ile akiba yote kutua taratibu. Anavuta mara moja. Ya pili haipo. Ili mambo haya yatendeke unahitaji kimoja kati ya viwili: urefu wa kutosha, au mwendo wa kutosha. Boulet alikuwa na urefu wa kugawa sadaka. Aliyesimama futi mia moja hana hiki wala kile: yuko juu mno kuangukia ile akiba peke yake, na yuko chini mno kupata mwendo.

Kila kitabu cha helikopta kina mchoro unaoonyesha jambo hili, urefu upande mmoja, mwendo upande wa pili, na sehemu zilizotiwa kivuli ambazo rubani hatakiwi kukaa bila sababu. Nimeuona mchoro huo umebandikwa ukutani ofisi nyingi, na watu wanaupita wakienda kutafuta chai. Hawajiulizi ulichorwaje. Hauchorwi kwa hesabu peke yake. Hesabu hutoa makisio, halafu rubani wa majaribio anapelekwa kwenye njia ndefu ya kutua, asubuhi isiyo na upepo, gari la zimamoto kando, akaanze kupunguza nguvu za injini makusudi. Anaanzia mahali rahisi, penye mwendo mzuri. Anatua. Wanasoma namba. Anarudia na mwendo mdogo kidogo. Wanasoma tena. Hivyo hivyo wanasogea kuelekea kwenye kivuli, hatua ndogo ndogo, mpaka miguu ya helikopta inapogonga chini kwa nguvu inayokaribia kikomo chake, na hapo wanaweka nukta.

Na kuna sharti moja ambalo hunisisimua kila nikilifikiria. Kwenye sehemu kubwa ya majaribio hayo, rubani akishakata nguvu haruhusiwi kushusha koletivu papo hapo. Anatakiwa asubiri sekunde nzima, mikono imetulia, kwa sababu rubani wa kawaida atakaposhtukizwa atachelewa kiasi hicho, na kitabu kinaandikwa kwa ajili ya yule aliyeshtukizwa. Jaribu kuhesabu sekunde moja huku sakafu inakukimbia.

Mstari huo nao hautulii. Uzito ukiongezeka unasogea, joto likipanda unasogea, na mahali pa juu unasogea zaidi. Uwanja wetu wa ndege wa Moi uko kama futi 200 tu kutoka usawa wa bahari. Helikopta inayonyanyuka hapa bila kulalamika, ipeleke Nanyuki, zaidi ya futi 6,000, saa saba ya mchana, na mzigo ule ule, utaona inavyokunja uso. Ndiyo maana wanaotengeneza helikopta za kijeshi huzipeleka jangwani na milimani kuzijaribu upya, baada ya kuzijaribu nyumbani.

Sisi mafundi tuna kipande chetu katika hili. Mapanga yakibadilishwa, lazima upime yanazunguka kwa kasi gani helikopta ikishuka bila msaada wa injini. Tulikuwa tukielekea bara, upande wa Mariakani, penye nafasi, rubani anapanda, anasema "tayari", mimi naangalia saa. Koletivu chini kabisa. Tumbo linabaki juu, wewe unashuka. Hapo unaandika: joto la nje, urefu, uzito, mizunguko ya rota. Ukirudi unalinganisha na jedwali. Mizunguko ikiwa pungufu, siku injini ikizima kweli hakutakuwa na akiba ya kutosha ya kutua. Ikizidi, mapanga yanajivuta mno kwenye mashina yake. Unarekebisha fimbo zinazogeuza mapanga, unazungusha kidogo sana, kisha mnarudi hewani.

Kabla ya hapo kuna kuhakikisha mapanga yote yanapita njia moja. Siku hizi kuna kisanduku cha umeme na kamera, kijana anabonyeza tu. Sajenti aliyenifundisha alitumia chaki na kitambaa. Unapaka ncha ya kila panga chaki ya rangi yake, jekundu huku, buluu kule. Injini inawashwa, rota inafika kasi yake, na wewe unasogea na mlingoti mrefu uliokazwa ukanda wa turubai, umeusimamisha wima. Unasogeza taratibu, taratibu, mpaka ncha za mapanga zinaugusa ule ukanda. Sauti yake ni kavu, pa-pa-pa, kwa nukta tu, nawe unauondoa. Mkono ukitetemeka, mlingoti unachukuliwa. Sajenti alikuwa akisimama nyuma yangu, kashika mkanda wa suruali yangu kwa nyuma, bila kusema kitu. Kisha mnasoma alama kwenye turubai: zikipandana, mapanga yako sawa, na zikiachana upana wa kidole, kuna panga linapita juu ya wenzake, na abiria atakunywa soda yake kwa meno.

Nimesema hatari haikai kwenye mbio, na yupo mzee wa barazani atakayenikumbusha Cheyenne. Haya, namkubalia. Ile helikopta ya Lockheed iliyotengenezewa jeshi la Marekani iende kasi kuliko zote, tarehe 12 Machi 1969 mapanga yake yaliyumba katika jaribio mpaka yakaupiga mwili wa ndege yenyewe, na rubani akafa. Mbio zina vifo vyake. Lakini ajali iliyobadilisha namna watu wanavyojaribu ndege za kupaa wima ilitokea kwenye kushuka, ndege ikija kutua, karibu imefika.

Nazungumzia Osprey, V-22, ile yenye rota mbili kubwa kwenye ncha za mbawa, zinazotazama juu wakati wa kupaa kisha zinalala mbele na kuwa ndege ya kawaida. Wazo lenyewe ni la zamani. Kampuni ya Bell walizigeuza rota hewani kikamilifu mwaka 1958 kwa ndege iliyoitwa XV-3, wakarudi na XV-15 mwaka 1977, na Osprey yenyewe ikaruka mara ya kwanza Texas tarehe 19 Machi 1989. Ya tano kutengenezwa ilianguka siku yake ya kwanza kabisa kuruka, Juni 1991, ikiwa imesimama futi chache tu juu ya ardhi. Ikayumba kushoto kulia mpaka ikajipindua. Chanzo kilikuwa waya. Kati ya vihisi vitatu vya kuiambia kompyuta ndege inalala upande gani, viwili vilikuwa vimeungwa kinyume. Kimoja kikasema kweli, viwili vikasema uongo, na kompyuta ikafuata wengi. Marubani wawili wakatoka hai. Fundi yeyote akisoma habari hiyo hupata jasho la mgongo, hata kama hajawahi kuiona Osprey maishani.

Kubwa ilikuja tarehe 8 Aprili 2000, Marana, Arizona. Usiku, zoezi la kwenda kuokoa watu, Osprey mbili zikifuatana. Zilikuja juu mno, ikabidi zishuke kwa haraka. Ile ya nyuma ilikuwa ikishuka zaidi ya futi 2,000 kwa dakika huku mwendo wa mbele umekwisha karibu wote. Kwenye hali kama hiyo, rota inashukia ndani ya upepo wake yenyewe, ule ilioutupa chini. Upepo unazunguka kwenye ncha za mapanga, unapanda juu, unavutwa tena chini, na rota inabaki kukoroga hewa ile ile bila kupata mahali pa kushika. Rubani akiongeza nguvu anaongeza kukoroga. Kwenye helikopta ya kawaida utazama, nawe ukiwahi kusukuma pua mbele utatoka. Kwenye Osprey rota ziko mbili, pembeni, na ikinaswa moja kabla ya mwenziwe ndege haizami tu, inapinduka. Rubani naye anafanya alichofundishwa: ndege ikilalia kulia, anaongeza nguvu kulia, yaani kwenye rota ile ile iliyonaswa. Wanamaji wa jeshi 19 walikufa.

Kilichofuata ndicho ninachomwambia kijana wangu akizingatie, kwa sababu hakina muziki. Waliitafuta ile hali makusudi. Walipanda na Osprey juu sana, penye nafasi ya kuanguka na kujiokoa, wakapunguza mwendo, wakaanza kushuka: kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, siku baada ya siku, wakiandika kila mchanganyiko wa mwendo na kushuka, mpaka ndege ikajipindua mikononi mwao. Wakatoka. Wakarudi kuitafuta tena kwa upande mwingine. Waligundua kwamba ukisukuma rota ziiname mbele kwa sekunde mbili hivi, unatoka. Waligundua pia kwamba kikomo kilichokuwa kitabuni, kutoshuka zaidi ya futi 800 kwa dakika ukiwa chini ya noti 40, yaani kama kilomita 74 kwa saa, kilikuwa na nafasi nzuri ya usalama kabla ya kufika penye balaa. Ndege zikatiwa taa na sauti ya kumwonya rubani anaposhuka kupita kiasi. Sasa niambie, aliyekwenda kuitafuta hali iliyoua watu 19, akaandika namba zake na kurudi kula chakula cha jioni, yule ni mtu wa kujitoa mhanga? Barazani wanasema ndiyo. Mimi nasema ni karani mwenye moyo mgumu, na namtaja kwa heshima zote.

Helikopta angalau imezaliwa kwa kusimama hewani. Kuna wale waliotaka ndege yenye mbawa, ya kivita, nayo isimame. Ndege ikikosa mwendo mbawa zake hazina kazi, na usukani wake wa mkiani hauna upepo wa kuupiga, hivyo inakaa hewani kama ngalawa iliyong'olewa mirengu: haijazama, lakini usipige chafya.

Wamarekani walijaribu kwanza kuisimamisha ndege yenyewe kwa mkia. Convair Pogo ilikaa wima, pua mbinguni, na rubani James Coleman alipanda ngazi ndefu kuingia ndani akaketi kama mtu aliyelazwa chali. Waliifunga kwa kamba ndani ya banda kubwa la ndege-puto pale Moffett Field, California, ajifunze humo kwanza. Novemba 1954 aliipaisha, akailaza ikaruka kama ndege nyingine, akaisimamisha tena, akatua. Kupaa hakukuwa tatizo. Kutua ndiko: ndege inashuka kinyumenyume, na yeye anageuza shingo kutazama ardhi juu ya bega lake, akikisia inakuja kwa kasi gani. Coleman aliweza. Swali lilikuwa nani mwingine ataweza, usiku, kwenye meli, bahari ikichafuka. Mradi ukafa.

Waingereza walikuja na njia ya busara zaidi, P.1127 ya kampuni ya Hawker, mama yake Harrier, ndege ya kivita inayopaa wima. Ndege inabaki imelala, midomo minne ya injini ndiyo inageuka kutazama chini. Rubani Bill Bedford alikuwa amevunjika mguu kwenye ajali ya gari na bado ana plasta, daktari akamruhusu kwa masharti: ndege iliyofungwa kamba tu. Tarehe 21 Oktoba 1960, Dunsfold, akainyanyua futi chache, imefungwa kamba, juu ya shimo lililofunikwa kwa wavu wa chuma. Lile shimo lina maana yake. Moto wa injini ukigonga ardhi hurudi juu, injini ikavuta hewa yake yenyewe iliyokwisha kuchemka, nguvu ikapungua pale pale unapoihitaji. Na nguvu yenyewe haikuwa ya kuchezea. Injini iliweza kubeba ndege kwa shida, wakang'oa kila kisichohitajika, hata redio. Ilichukua karibu mwaka mzima kutoka kwenye kusimama hadi kukamilisha safari nzima ya kupaa wima, kuruka kwa mbawa na kurudi kutua wima, Septemba 1961.

Harrier ina kitu kimoja ambacho mgeni akikiona atadhani kimesahauliwa na fundi: kijibati chembamba mbele ya kioo cha rubani, kinachogeukageuka na upepo. Ndege ya mamilioni, na mbele yake kuna kishada cha bati. Kazi yake ni kumwonyesha rubani upepo unampiga kutoka upande gani. Kwa mwendo mdogo, pua ikiachiwa igeuke upande, upepo unaingia chini ya bawa moja kuliko lingine, na ndege inajipindua haraka kuliko mkono wa mtu. Pamoja na vyombo vyote vilivyojaa mle ndani, jibu bora lilikuwa bati.

Sasa nirudi kwenye video. F-35B haina midomo minne. Ina feni kubwa nyuma ya rubani inayozungushwa na shafti kutoka kwenye injini kuu, na bomba la nyuma linapinda kutazama chini. Tarehe 18 Machi 2010, Patuxent River, Maryland, rubani Graham Tomlinson, aliyewahi kurusha Harrier, aliisimamisha futi 150 juu ya njia ya kutua kisha akaishusha wima, mara ya kwanza kwa ndege ya aina hiyo. Feni ikifa pale, mbele hakuna tena kinachobeba, pua inaanguka, na inaanguka upesi hivi kwamba binadamu hana muda wa kutambua wala kuvuta kamba. Ndiyo maana kiti chake hakingoji. Kompyuta ikiona pua inaporomoka, kiti kinamtupa nje chenyewe. Warusi walifanya vivyo hivyo zamani kwenye Yak-38 yao. Jibu lako ndilo hilo, kijana: yule bwana hafanyi kitu, anafanyiwa. Na tarehe 15 Desemba 2022, kule Fort Worth, Texas, F-35B mpya, haijakabidhiwa jeshi, ilikuwa kwenye ruko la ukaguzi. Ilitua wima, ikadunda, ikalalia pua na kuzunguka, rubani akarushwa nje ndege ikiwa chini ardhini. Akapona.

Hapo ndipo mzee mmoja huuliza mbona marubani wa helikopta nao wasirushwe kwa viti. Kichwani kuna mapanga, babu. Warusi peke yao waliopania, kwenye Ka-50: baruti huyakata mapanga kwanza yakatawanyika, kisha roketi humvuta rubani. Wengine wote wanategemea ule mvuto mmoja wa koletivu.

Meli nazo nizitaje, maana tuko Mombasa. Manowari ya kigeni ikifunga Kilindini, ukivuka feri ya Likoni unaweza kuiona helikopta yake imekunjwa mapanga kwenye tezi. Watu huona sitaha pana. Fundi huona banda lililosimama mbele ya hiyo sitaha. Upepo hulipiga lile banda, hupanda juu yake, halafu huporomokea pale pale helikopta inapotaka kukaa. Anayejua Kusi linavyovuma hapa mwezi wa saba anaelewa. Kwa hiyo kila aina ya helikopta hujaribiwa na kila aina ya meli. Nahodha anageuza meli upepo uje kutoka mbele, kisha kulia, kisha kushoto, mchana halafu usiku, na marubani wanatua na kupaa, wanatua na kupaa, kila mara wakitoa alama ya ugumu wa kazi. Kwa tabia ya chombo kwa jumla wanatumia mizani ya Cooper na Harper, iliyochapishwa na NASA mwaka 1969, kutoka moja mpaka kumi: moja ni raha, kumi ni chombo kimekushinda. Matokeo yake ni mchoro wa duara: upepo wa huku mpaka kiasi hiki, tua. Ukizidi, usitue, hata kama ni amiri jeshi anataka kurudi kunywa kahawa. Wakanada, wenye bahari mbaya kuliko yetu, miaka ya 1960 walibuni kamba ya chuma inayoivuta helikopta mpaka sitahani na mtego wa kuibana ikigusa.

Nimewahi kufanya kazi chini ya bosi mmoja, kampuni siitaji, aliyekuwa akisimama mlangoni mwa hanga akitazama saa. Wageni wameshakaa hotelini Diani wanangoja kupelekwa Mara, na sisi bado hatujapata namba moja ya mwisho, mtetemo wa rota ya mkiani. "Si imeruka vizuri?" akauliza. Rubani wetu, mwanamke mpole sana, akamjibu bila kupandisha sauti kwamba imeruka vizuri ndiyo, lakini haijamwambia kwa nini. Akarudi ndani ya helikopta akafunga mlango. Wageni wakala chakula cha mchana Diani.

Kijana wangu sasa anauliza njia ya kuwa rubani wa majaribio. Anasoma uhandisi wa mitambo chuoni pale Tudor, macho yake yana miwani mizito, nikamwambia ukweli: shule zipo chache, Empire Test Pilots' School ya Boscombe Down, Uingereza, iliyoanza mwaka 1943, ile ya jeshi la majini la Marekani pale Patuxent River, na EPNER ya Wafaransa huko huko Istres kwa Boulet. Zote zinachukua marubani waliokwisha iva. Lakini shule hizo hizo zinafundisha pia wahandisi wa majaribio, wale wanaopanga kila hatua ya kusogelea kivuli na wanaokaa mbele ya skrini wakiangalia mkazo wa kila panga, na ndio wenye haki ya kusema kwenye redio "acha, shuka" na rubani akatii. Huko miwani si kikwazo. Kinachotakiwa ni mitetemo, takwimu, na hesabu za mabadiliko.

Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Hesabu tena, Ami?"